Bi Ngiri Akataa Kukalishwa

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa! Mmejibu kama mnaota. Na wewe mama pale nyuma, umejibu huku umejiegemeza ukutani kama gunia la mahindi. Inukeni kidogo. Nyosheni miguu. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam! Sasa nimesikia watu wazima na watoto wao. Kaeni, lakini msikae sana. Mtajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, kabla hata babu wa babu yangu hajajifunza kutambaa, palikuwa na mbuga iitwayo Nyasindefu. Wanyama wala majani waliishi humo pamoja. Pundamilia walikuwamo, swala walikuwamo, nyumbu walikuwamo, pofu walikuwamo, ngiri walikuwamo. Jumbe wao alikuwa Twiga, kwa sababu alikuwa mrefu, na zamani hizo mrefu alidhaniwa kuwa ana akili. Mvua ikinyesha, walikula wakashiba. Kiangazi kikija, maji yakikauka, walihama wote kwenda Mto Mbali. Mvua ikirudi, nao wakarudi.

Na walikuwa na mila yao. Iliitwa Kukalishwa.

Mnyama akizeeka, wanawe humtafutia kiti. Si kiti cha miguu minne, la. Ni shimo la duara chini ya mgunga, limetandikwa nyasi laini. Ngoma hupigwa, ndi! ndi! ndi! Mzee huingizwa shimoni, hukalishwa, huapishwa. "Nimekaa. Sitakimbia tena." Tangu siku hiyo majani huletewa. Maji huletewa. Shikamoo huletewa hapo hapo. Yeye hainuki. Mzee akionekana anatembea, majirani huwauliza wanawe, "Jamani, kwenu hamna adabu?" Na mzee akikimbia? Astaghafiru! Ni aibu ya ukoo mzima.

Sasa kiangazi kikija, inakuwaje? Wanahama. Na aliyekalishwa miguu yake imeshakakamaa, hawezi safari. Basi wakasema, "Wazee wanabaki kulinda mji." Neno tamu hilo, lateremka kooni bila maji. Wakenda zao. Wakirudi, viti vitupu.

Msimamizi wa mila hiyo alikuwa nani? Fisi. Ndiyo, Fisi! Alisema ameshaacha nyama, siku hizi anatafuna mifupa mikavu tu, ya kupitisha wakati. Na alijua kusifu wazee, sauti yake ikitetemeka kwa mapenzi. Wakampa cheo, Mkuu wa Heshima. Kila waliporudi kutoka Mto Mbali aliwapokea njiani, machozi yanamlengalenga, tumbo linaning'inia. "Wazee wetu wametutoka," alisema. "Nimewazika mwenyewe, kwa mikono yangu hii." Nao wakamwambia asante. Asante, Bwana Fisi!

Basi mbugani humo aliishi Bi Ngiri.

Ngiri mnamjua. Sura yake Mungu aliifanya jioni, amechoka. Na akikimbia husimamisha mkia wima juu, wee! Halafu ni msahaulifu. Hufukuzwa na simba, akifika mbele kidogo hujiuliza, "Hivi nilikuwa nakimbia nini?" Akapiga magoti, akala majani.

Bi Ngiri alikuwa ameshazeeka. Pembe zake za mdomoni zilikuwa njano, magoti yake yamejaa sugu, na wajukuu anao. Lakini kila alfajiri alitoka na Mzee Nyumbu, rafiki yake tangu utotoni, wakakimbia. Hawafukuzwi. Hawashindani. Wanakimbia tu, wanapiga soga, wanacheka, wanasutana kwa mambo ya ujana wao. Pukutu-pukutu, pukutu-pukutu, kutoka kichuguu cha kwanza hadi cha pili, kutoka cha pili hadi cha tatu. Na wimbo wao walikuwa nao:

*Miguu yangu, miguu yangu!*
*Sikuazima, ni mali yangu!*
*Jua litoke linikute njiani,*
*Nani kasema nikae chini?*

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Mzee Nyumbu akakalishwa. Ngoma ndi! ndi! ndi! Fisi akamsifu mpaka mwenyewe akalia. Bi Ngiri akabaki na kichuguu cha kwanza, cha pili na cha tatu, na hana wa kucheka naye. Alikimbia peke yake, lakini mbio za peke yake ni kama chai bila sukari, yanyweka lakini huombi kikombe cha pili. Roho ilimuuma.

Siku moja akapita kumwona.

"Kaka Nyumbu, hujambo?"

"Sijambo, dada. Nimeheshimiwa."

"Hebu simama nikuone."

"Kwa nini nisimame? Majani yanaletwa."

"Simama, bwana wee, nicheke kidogo."

Mzee Nyumbu akajikaza. Magoti yakalia, kwaa! kwaa! Akainuka nusu. Akatetemeka. Akarudi chini, puu! Wakatazamana. Wala hakuna aliyecheka.

"Dada," Nyumbu akasema taratibu, "kiangazi kikija mimi sifiki Mto Mbali."

"Najua."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa, kaka," akasema Bi Ngiri. Na kweli aliogopa, mpaka mkia ukalala.

Haukupita muda mrefu, binti yake akamjia. Binti huyo aliitwa Sikitu, mke wa watu, mama wa watoto, mwenye kupenda sifa njema mtaani. Kafuatana na Fisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na huyu?"

"Shikamoo, bibi yetu!" akasema Fisi, kichwa kainamisha mpaka chini. "Furaha iliyoje! Kiti chako tayari. Ni kiti cha Mzee Pofu, Mungu amrehemu, tumekitandika nyasi mpya. Umekimbia sana, bibi. Sasa pumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mama!" Sikitu akamkatiza. "Wenzako wote wamekaa. Wewe kila alfajiri mkia juu, mkia juu! Watu wananicheka kisimani. Wanasema Sikitu hamtunzi mama yake. Nakuomba, mama. Usinivue nguo."

Bi Ngiri akamtazama mwanawe. Alimpenda. Mama akiombwa na mwanawe hivyo, atafanyaje? Akakubali kwenda.

Siku ikafika. Mbuga nzima ikakusanyika. Ngoma ndi! ndi! ndi! Jumbe Twiga akasimama, shingo mawinguni. Fisi akaimba sifa za Bi Ngiri, hata zile asizokuwa nazo. Bi Ngiri akatia mguu mmoja shimoni. Akatia wa pili. Akataka kukaa.

Lakini ngiri ni ngiri, hakai mahali bila kupachimbua kwanza. Akachokora kwa pua. Fukufuku, fukufuku. Chini ya nyasi mpya akakuta kitu kigumu. Akakitoa. Ni kipande cha pembe. Pembe ya Mzee Pofu, kila mtu aliijua, ilivyojisokota. Na pembe imetafunwa.

"Bwana Fisi," akasema, "Mzee Pofu ulimzika wapi?"

"Mbali, bibi. Mahali pa heshima."

"Na pembe yake mbona iko hapa?"

Fisi akapepesa macho. "Aliniachia. Ukumbusho."

"Na hizi alama za meno?"

"Huzuni, bibi! Mimi nikilia, natafuna."

Mnafikiri walishtuka? Wapi! Wakapiga makofi. Wakasema, tazameni Fisi anavyowapenda wazee, analia mpaka anatafuna. Ukishampa mtu cheo, jamani, hata uongo wake unautafutia mto wa kulalia.

Bi Ngiri akatoka shimoni. Mguu wa kwanza, mguu wa pili, mguu wa tatu, mguu wa nne. Akajikung'uta vumbi.

"Sikai," akasema.

"Nini?" akauliza Jumbe Twiga toka huko juu.

"Umesikia, ila masikio yako yako mbali. Nimesema sikai. Si leo, si kesho. Miguu hii siku itakapogoma, itagoma yenyewe. Simpi Fisi ruhusa ya kuigomesha."

"Bi Ngiri! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Na asiyelitumia, Jumbe, guu lake huwaje?"



"Una umri gani wewe?" Twiga akafoka.

"Sijui! Ngiri husahau, ndivyo mnavyotusema. Basi nimesahau kuwa mimi ni mzee. Atakayenikumbusha anifuate mbio."

Akasimamisha mkia, wima! Akaondoka, pukutu-pukutu-pukutu, katikati ya umati, vumbi likawaingia wakubwa kwa wadogo. Huko nyuma Sikitu akafunika uso.

Jioni Sikitu akamngojea mlangoni pa pango lao.

"Mama, ukikimbia tena, usirudi kwangu."

Maneno hayo yalimchoma Bi Ngiri kuliko mwiba wa mgunga. Machozi yakamtoka, hakuyaficha. "Mwanangu," akasema, "wewe unaogopa kuchekwa. Mimi naogopa kuliwa. Tumepishana hapo tu." Akaenda zake. Akapata shimo la zamani la muhanga, akaingia kinyumenyume kama ngiri wote waingiavyo, pembe zikabaki mlangoni zinangoja mwenye shida.

Alfajiri, kabla umande haujakauka, alikuwa kwa Mzee Nyumbu. Mdomoni kashika kile kipande cha pembe. Akakiweka mbele ya rafiki yake.

"Inuka."

"Nimeapa, dada."

"Uliapa kukaa, hukuapa kuliwa. Inuka!"

Nyumbu akaitazama pembe. Akaitazama tena. Akajikaza. Kwaa! kwaa! Bi Ngiri akaingiza pua chini ya tumbo lake, akasukuma. Akasukuma. Nyumbu akasimama, miguu minne ikicheza kama meza mbovu.

"Siwezi kukimbia."

"Nani kasema kukimbia? Tembea mpaka kwenye ule mti wa miiba. Ukifika, nitukane."

Akatembea. Akafika. Akamtukana Bi Ngiri tusi zuri la kizamani, nisilolisema mbele ya watoto. Wote wawili wakacheka mpaka wakakohoa. Na ndipo Nyumbu alipolia, kwa sababu alikuwa amesahau sauti ya kicheko chake mwenyewe.

Kesho yake wakafika mbele kidogo. Kesho kutwa mbele zaidi. Siku nyingine magoti yanagoma, wanarudi nyuma. Siku nyingine wanafika, wanakaa kupumua, wanacheka, wanarudi. Mara wakamkuta Mzee Kobe kando ya njia.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunakimbia."

"Mnaita kukimbia, hiyo?" akasema Kobe. "Basi hata mimi nakimbia. Tangu nizaliwe nakimbia, hakuna aliyenisifu." Akajiunga nao. Wao walikwenda na kurudi, na kila wakirudi walimkuta Kobe ameendelea kidogo, wakashangilia kama kafika Mto Mbali.

Wazee wengine viti vikaanza kuwawasha. Bibi mmoja wa pundamilia akainuka. Babu mmoja wa swala akainuka. Kwaa! kwaa! kila mahali, utadhani msitu unavunjwa kuni. Akidondoka mmoja, wote wanasimama, wanamwinua, wanamtania, wanaendelea. Hakuna aliyeachwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na hawakuwa na nyingine.

Vijana wakawacheka. Wakakaa kando ya njia, wanapiga miluzi. "Shikamoo ziishe leo! Wazee wamekuwa watoto!" Tangu siku hiyo wazee hawakuamkiwa. Jumbe Twiga akapiga marufuku. Wakakimbia. Akapiga marufuku tena. Wakakimbia, wakimpita chini ya tumbo, wanaimba:

*Miguu yangu, miguu yangu!*
*Sikuazima, ni mali yangu!*
*Jua litoke linikute njiani,*
*Nani kasema nikae chini?*

Na Fisi? Fisi akapita kila kiti kwa zamu, sauti ya asali. "Wazee wangu, kaeni. Mtaumia. Mwenda pole hajikwai."

"Na mkaa kabisa hafiki," wakamjibu.

Fisi akarudi kichakani kwa ndugu zake. Maana alikuwa na ndugu, wengi, wanene, wanalala mchana kutwa. Wakamuuliza, "Vipi, mwaka huu tunakula?" Akawaambia, "Tulieni. Kiangazi kikija watachoka. Tungojeni tu."

Kiangazi kikaja. Ziwa likawa tope, tope likawa ufa. Jumbe Twiga akatangaza safari. Wanyama wakajipanga mstari, vijana mbele, watoto katikati. Wakageuka nyuma kuwaaga wazee, kama desturi, "Buriani, lindeni mji."

Viti vitupu!

Pukutu-pukutu, pukutu-pukutu. Hao wanakuja. Bi Ngiri mbele, mkia wima. Mzee Nyumbu ubavuni kwake. Bibi Pundamilia, babu Swala, wote wamejikusanya pamoja, wanahema, wanaimba.

Fisi akaruka akasimama njiani. "Simameni! Mnakwenda wapi? Na nani atalinda mji?"

"Linda wewe," akasema Bi Ngiri.

"Ni mila!"

"Basi tuoneshe makaburi. Mzee Pofu kaburi lake lipi? Mama yake Twiga kaburi lake lipi? Onesha moja tu, Bwana Fisi, nami nitakaa sasa hivi."

Jumbe Twiga akainamisha shingo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Ndiyo," akasema taratibu. "Kaburi la mama yangu liko wapi?"

Fisi akatupa jicho kichakani. Na huko kichakani ndugu zake, waliongoja wakachoka, ngoja ngoja huumiza matumbo, wakashindwa kujizuia. Wakacheka kile kicheko chao cha njaa, hii-hii-hiii! Mbuga nzima ikasikia. Mbuga nzima ikaelewa.

Fisi akavua adabu yote pale pale. "Wakamateni wazee!" Ndugu zake wakatoka, meno nje.

Vijana wakatawanyika huku na huku, kila mmoja na lake. Lakini wazee hawakutawanyika. Walizoea kwenda pamoja.

"Kaka Nyumbu," Bi Ngiri akasema, "kichuguu cha kwanza!"

Wakaondoka. Pukutu-pukutu-pukutu! Fisi nyuma yao, na ndugu zake nyuma yake. Kichuguu cha kwanza wakakipita. Nyumbu anahema, Bi Ngiri anamtania. "Ndiyo mbio hizo? Mkeo angekucheka!" Kichuguu cha pili wakakipita. Babu Swala akajikwaa, wawili wakamwegemeza huku na huku, akaenda.

Nao Fisi je? Sikilizeni sasa. Fisi hakuwa amekimbia miaka na miaka. Akimbie nini, na chakula chake kimekaa shimoni kinamngoja? Wazee walikimbia kila alfajiri tangu masika. Fisi alikaa. Kufika kichuguu cha kwanza ulimi nje. Kufika cha pili tumbo linaburuzika. Ndugu zake wakaanza kudondoka mmoja mmoja, puu! puu! puu! kama mapapai yaliyoiva mno. Fisi kwa hasira akataka kukata njia, akapita chini ya migunga, macho kwa Bi Ngiri, hatazami anakokanyaga.

Tumbwi!

Akatumbukia. Wapi? Kwenye kiti cha Mzee Pofu, kile kile walichomtandikia Bi Ngiri nyasi laini. Akajaribu kuinuka. Magoti yakalia, kwaa! kwaa! Akarudi chini.

Bi Ngiri akasimama, akageuka. Anahema, anatetemeka, ana furaha mpaka inamtoka machoni.

"Shikamoo, Bwana Fisi!" akapaza sauti. "Kiti hicho kinakufaa. Kaa! Linda mji!"

Wazee wakacheka mpaka migunga ikatikisika. Wakaendelea na safari.

Nyuma yao mtu akaita, "Mama! Mama, nisubiri!" Ni Sikitu, vumbi tupu, analia. "Mama, nilikuchimbia kaburi nikadhani nakuheshimu. Nisamehe. Nisubiri!"

"Nimekusamehe, mwanangu," akajibu Bi Ngiri, mkia juu, bila kupunguza mwendo. "Lakini sikusubiri. Kimbia!"

Sikitu akakimbia. Akamfikia mama yake, akamfuata ubavuni, na mkia wake mwenyewe, ule aliokuwa akiuficha kisimani kwa aibu, ukasimama wima.

Karibu na Mto Mbali wakamkuta Mzee Kobe anajikokota njiani. Kumbe yeye aliijua miguu yake, aliondoka zamani, mvua hazijaisha, wala hakumuaga mtu.

"Mbona mmechelewa?" akawauliza. "Vijana wa siku hizi!"

Tangu hapo Nyasindefu hakuna kiti kilichochimbwa. Kila alfajiri wanakimbia, bibi na mjukuu, anayeweza kwa kasi na anayeweza kwa kujikokota, na Jumbe Twiga naye huwamo, ingawa mbio zake ni kichekesho. Mzee anaheshimiwa vile vile. Anapewa shikamoo, lakini anapewa njiani, na anaitika huku anapita.

Basi, wenzangu, funzo ndilo hili, nalisema wazi asije mtu kusema hakusikia. Mwili hauzeeki kwa miaka tu, huzeeka kwa kukaa. Kimbia kwa afya, kimbia kwa raha, kimbia na wenzako, mtoto kwa mtu mzima, kwa kadiri ya miguu yako. Na anayekwambia kaa chini umeshazeeka, mtazame kwanza tumbo lake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mbio zenu zinaanzia hapo. Haya, mama wa ukutani! Inuka. Alfajiri nakupitia, na nisikukute umelala.